Ukingo wa Maji na Chungu cha Maharage: Biolojia ya Vitendo Chepkoilel

Ufuko katika fikra za watu wengi ni mahali pa bahari, penye mchanga, mawimbi na minazi, na kwa sababu hiyo huonekana ajabu kuuzungumzia katika nyanda za juu za Uasin Gishu, ambako Chepkoilel iko kwenye kimo cha takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na umbali wa kilomita zipatazo 800 kwa barabara kutoka Mombasa. Hata hivyo, mwanabiolojia anapoutazama ufuko hashughulishwi sana na chumvi wala mchanga. Anachokitafuta ni mpaka, yaani ule ukanda mwembamba ambapo maji hukutana na nchi kavu na ambapo kiumbe hulazimika kukabiliana na mazingira mawili yasiyofanana, mara nyingi ndani ya siku moja. Ukanda wa namna hiyo uko baharini, lakini uko pia ziwani, kinamasini na kando ya kila kijito kinachoteremka kutoka nyanda hizo kuelekea mto Nzoia na hatimaye Ziwa Victoria.

Chepkoilel, iliyo kilomita 9 hivi kutoka mjini Eldoret kwenye barabara iendayo mji mdogo wa Ziwa, imekuwa mahali pa kujifunzia mambo ya udongo na mimea kwa muda mrefu. Kituo cha kwanza kilianzishwa mwaka 1946 na walowezi wa Kizungu kwa ajili ya mafunzo ya wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikageuzwa kuwa chuo cha ualimu. Mwaka 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi na kuwa kampasi yake ya Chepkoilel. Mwaka 2010 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Katika mabadiliko hayo yote kilimo na ualimu havikutoweka, na juu yavyo ikaongezwa sayansi ya samaki na ya maji, pamoja na mabwawa ya kufugia samaki. Ni mchanganyiko unaofaa sana, kwa kuwa mwalimu wa biolojia anayeandaliwa mahali penye shamba, bwawa na kinamasi hana udhuru wa kwenda kufundisha kwa chaki peke yake.

Somo la biolojia ya vitendo lina nguzo mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uchunguzi, yaani kutazama viumbe kama vilivyo, kuvihesabu, kuvichora na kuandika mahali vilipopatikana bila kuvibadilishia chochote. Ya pili ni jaribio, ambapo mwanafunzi hubadilisha jambo moja kwa makusudi, akayaacha mengine yote yalivyo, kisha akatazama tofauti inayojitokeza. Wanyama wa ukingoni hufaa zaidi kwa kazi ya kwanza, kwa kuwa hutembea, hujificha na hawako chini ya amri ya mtu; mimea hufaa zaidi kwa ya pili, kwa kuwa hukaa mahali ilipopandwa, haihitaji kibanda wala chakula cha kununuliwa, na idadi yake inaweza kuwa kubwa kwa gharama ndogo. Mwanafunzi aliyepata moja bila nyingine amepata nusu ya somo.

Vifaa vya kuchunguzia ukingo wa kijito ni vichache, na vingi hupatikana nyumbani: ndoo, beseni jeupe, wavu wenye matundu madogo, kijiko, lenzi ya mkono, kamba yenye vipimo, penseli na daftari. Kamba hunyooshwa kutoka ndani ya maji hadi nchi kavu ili iwe mstari wa uchunguzi, na kwenye vituo vilivyopangwa kwa umbali sawa huwekwa fremu ya mraba iliyoundwa kwa vijiti au nyaya, nayo huitwa kwadrati. Kazi ya kwadrati ni kumzuia mchunguzi kuchagua mahali panapompendeza, kwa sababu jicho la mtu huvutwa na kiumbe kikubwa au chenye rangi kali na kuviruka vingine, na hesabu inayotokana na mvuto huo huwa ni hesabu ya macho ya mtu badala ya viumbe wa kijito. Ndani ya maji wanafunzi wawili hushirikiana: mmoja huushika wavu ukielekea mkondo, na mwenzake akasimama juu kidogo ya mkondo akichokora mawe na matope kwa mguu, ili vilivyojishikiza hapo vichukuliwe na maji hadi wavuni.

Vitu vinavyoonekana katika beseni jeupe baada ya kazi hiyo huwashangaza wengi waliodhani kwamba kijito kina maji na mawe tu. Kuna watoto wa kereng'ende, wasio na mabawa bado, ambao huwinda chini ya maji kwa mdomo unaochomoka ghafla. Kuna ruba, konokono na mende wa maji. Kuna pia watoto wa wadudu wale ambao wakishapevuka huishi saa chache au siku chache tu, nao hutambulika kwa nyuzi zao za mkiani, ambazo mara nyingi ni tatu, na kwa mashavu ya kupumulia yaliyopangwa kando ya tumbo. Hawa wa mwisho, kwa ujumla, huhitaji maji yenye oksijeni nyingi, na hupungua mapema pale maji yanapochafuliwa. Kinyume chao ni viluwiluwi vyekundu vya aina fulani ya visubi wasiouma, ambavyo wekundu wao unatokana na himoglobini, dutu ileile inayobeba oksijeni katika damu ya binadamu, na kwa msaada wake huweza kuishi katika tope lenye oksijeni kidogo sana. Kwa hiyo mwanafunzi anayelinganisha sehemu ya juu ya mto Sosiani, kabla haujaingia mjini Eldoret, na sehemu iliyo chini ya mji, anaweza kuanza kuutathmini usafi wa maji bila kemikali yoyote, kwa kutazama tu ni wakazi gani waliomo na ni gani waliohama. Tahadhari inayostahili kutajwa ni kwamba kiumbe mmoja hathibitishi kitu. Kinachozungumza ni mchanganyiko wa viumbe wote, na tena kwa siku zaidi ya moja, maana mvua kubwa ya usiku mmoja inaweza kuyafagia mawe yote.

Vinamasi vya Uasin Gishu, kama kile cha Marura kwenye mto Sergoit, huongeza jambo jingine ambalo kijito hakina, yaani upana. Hapo ukingo haukatiki kwa hatua moja bali hunyooka polepole, kuanzia maji ya wazi, kupitia matete na mimea ya jamii ya ndago, hadi nyasi za malisho, na kila sehemu ina vyura, buibui na ndege wake. Korongo taji, ndege ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, hujenga kiota chake ndani ya mimea ya kinamasi lakini hutafuta chakula katika nyasi na mashamba ya jirani, na kwa sababu hiyo hawezi kuokolewa kwa kulinda upande mmoja tu wa ukingo. Wanafunzi wanaomtazama wanapaswa kukaa mbali na kiota, na hili si suala la adabu pekee, kwa kuwa ndege anayefukuzwa mara kwa mara hubadili mwenendo, na mchunguzi hurudi nyumbani na maelezo ya hofu aliyoisababisha mwenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote wa thamani ya kutazama kwa makini unatoka katika mito ya magharibi mwa Kenya. Usubi, ugonjwa unaojulikana pia kama upofu wa mtoni, huletwa na minyoo inayoenezwa na inzi weusi wadogo wanaouma binadamu karibu na maji yaendayo kasi. Katika maeneo ya Nyanza na misitu iliyo karibu, inzi aliyehusika aliitwa kitaalamu Simulium neavei, na jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi ni kwamba inzi wazima walionekana wazi, ilhali viluwiluwi vyao havikupatikana kwenye mawe wala majani ya mtoni, ambako ndugu zao wa aina nyingine walijaa. Mwaka 1946 bonde la Kodera huko Nyanza lilitiwa dawa ya kuua wadudu ya DDT mtoni, na inzi hao wakaangamizwa hapo kabla hata mtu hajajua walikozaliwa. Jibu lilipatikana mwaka 1950, pale watafiti van Someren na McMahon, waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walipotangaza kwamba viluwiluwi hivyo huishi vikiwa vimejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kaa hao walikuwa wakionekana siku zote. Ambacho hakikuwa kimefanyika ni kumkamata mmoja na kumgeuza huku na huku kwa subira.

Kaa wa mtoni anastahili kuzingatiwa kwa sababu nyingine pia, kwa kuwa yeye ndiye daraja linalomfikisha mwanafunzi wa Chepkoilel baharini. Kaa wengi wa bahari huachilia watoto wao majini wakiwa lava, yaani viumbe vidogo visivyofanana na wazazi wao, na lava hao huelea na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kugeuka kaa. Kaa wa mtoni angefanya hivyo, mkondo ungewachukua watoto wake wote. Yeye hubeba mayai machache na makubwa chini ya tumbo, na yanapoanguliwa hutoka kaa wadogo waliokamilika. Mikoko ya pwani imefuata njia inayokaribiana na hiyo: mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama kijiti cha kijani, na inapoanguka huwa tayari ni mche. Wanyama na mimea wasio na undugu wowote wa karibu wamefikia jibu moja, la kutomwachilia mtoto mpaka awe na uwezo wa kushika mahali.

Safari ya pwani inapowezekana, mafanikio yake hutegemea kalenda ya mwezi kuliko kalenda ya shule. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa kule Mombasa hukaribia mita 4, hivyo mwamba hubaki wazi kwa saa kadhaa, na kwa kawaida kilele cha kupwa huangukia mwendo wa saa nne au saa tano za asubuhi. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, kupwa huwa kudogo, na kundi lililosafiri kilomita 800 linaweza kusimama ufukoni likitazama maji tu. Mvuvi yeyote wa pwani, awe wa Gazi au Watamu, angemweleza mwalimu jambo hilo kwa simu moja.

Mwamba uliopwa huonyesha mpangilio ambao hauhitaji hadubini. Juu kabisa, mahali panapoloweshwa na rasharasha za mawimbi tu, kuna konokono wadogo wanaofunga gamba lao na kusubiri. Chini yao kuna chaza na vinginevyo vilivyoganda mwambani. Na chini zaidi, kwenye vidimbwi na nyasi za baharini, kuna jongoo bahari, viti vya pweza, na pweza mwenyewe katika tundu lake. Katika mikoko mpangilio ni wa miti, kwa kuwa mlilana husimama upande wa bahari, mkoko hufuata, mkandaa huja nyuma yao, na mchu huonekana pande zote mbili, mbele na nyuma kabisa, huku kaa na tondo wakigawana matope yaliyo chini. Sheria za hifadhi za bahari, ambazo kwa Kenya zilianza na Malindi na Watamu mwaka 1968, zinakataza kuokota makombe na viumbe, na kwa somo hili katazo hilo si hasara hata kidogo, kwa kuwa kielelezo kilichokauka ndani ya chupa hakionyeshi tena kiliishi juu au chini ya nani. Jiwe lililogeuzwa hurudishwa kama lilivyokuwa, la sivyo viumbe wa chini yake huuawa na jua.

Kutazama mpangilio huo, hata hivyo, hakuelezi sababu yake, na hapa ndipo nguzo ya pili inapohitajika. Mtu anaweza kudhani kwamba kila kiumbe kinakaa pale kinapopenda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1961, mtafiti Joseph Connell alishughulika na aina mbili za siripedi, yaani wanyama wadogo wa jamii ya kaa na kamba wanaojijengea gamba na kung'ang'ania mwambani, katika kisiwa cha Cumbrae huko Uskoti. Aina moja iliishi juu, nyingine chini. Connell alipowaondoa wale wa chini kwenye baadhi ya mawe, wale wa juu waliweza kuishi vizuri hata katika sehemu ya chini. Kumbe hawakuwa wakiichukia, bali walikuwa wakisongwa na kung'olewa na jirani zao. Wale wa chini nao walizuiwa kupanda juu hasa na ukavu. Hakuna kiasi cha kutazama ambacho kingelifichua hilo bila mkono wa mtu kubadilisha kitu kimoja.

Wanafunzi wa sekondari hawawezi kung'oa viumbe vya mwambani, wala hawapaswi, lakini wanaweza kupanda maharage. Charles Darwin mwenyewe alipita katika njia zote mbili: kati ya mwaka 1846 na 1854 alijifungia na siripedi akizichunguza na kuziainisha, na mwaka 1880 akachapisha pamoja na mwanawe Francis kitabu kuhusu mijongeo ya mimea, ambamo walionyesha kwamba chipukizi la nyasi likifunikwa ncha yake huacha kupinda kuelekea mwanga, ingawa sehemu inayopinda ni ile iliyo chini ya ncha. Jaribio hilo linahitaji mbegu, sanduku lenye tundu upande mmoja na vikofia vya karatasi ya jaribosi, na lingali linafanyika katika darasa lolote lenye dirisha.

Katika Chepkoilel swali la kupanda lina uzito zaidi ya kupata alama za mtihani, kwa sababu udongo wa sehemu kubwa ya Uasin Gishu una asidi. Asidi hiyo huyeyusha alumini iliyomo udongoni, na alumini ikiyeyuka hudumaza mizizi, ikawa mifupi na minene isiyoweza kutafuta maji. Wakati huohuo fosforasi, madini ambayo mmea huyahitaji kwa ajili ya mizizi, maua na nguvu ya ndani ya seli, hunaswa na alumini na chuma hata mmea ukaikosa ingawa imo. Mwanafunzi anaweza kuyaona haya kwa macho yake akichukua udongo wa shamba moja, akauchanganya vizuri, akaugawa katika pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini, nusu yake akatia chokaa ya kilimo na nusu nyingine akaiacha. Zile zisizotiwa kitu huitwa kidhibiti, yaani kipimo cha kulinganishia, na bila hizo matokeo hayana maana. Pakiti moja kwa kila upande haitoshi, kwa kuwa mbegu moja inaweza kuwa mbovu au pakiti moja ikapata jua zaidi. Zikiwa sita au nane kwa kila upande, zikipangwa kwa kura badala ya kuwekwa zote za chokaa karibu na dirisha, tofauti inayobaki inaweza kuaminiwa. Maharage hufaa kuliko mahindi, kwa kuwa mahindi ya nyanda za juu huchukua miezi sita na zaidi kukomaa katika baridi ya huko, na muhula wa shule hauna muda huo.

Tatizo hilohilo ndilo lililowashughulisha watafiti wa udongo wa Chuo Kikuu cha Moi waliokuwa Chepkoilel katika miaka ya 1990, miongoni mwao Profesa J. R. Okalebo, walipotengeneza kifurushi cha mkulima mdogo kilichoitwa PREP-PAC. Ndani yake kulikuwa na kilo 2 za mawe ya fosfeti yaliyosagwa kutoka Minjingu, kilo 0.2 za mbolea ya urea, mbegu za jamii ya kunde, na bakteria wanaoishi katika mizizi ya kunde na kuisaidia kupata naitrojeni ya hewani. Kifurushi kimoja kilikusudiwa eneo la mita za mraba 25 zilizochoka. Uchaguzi wa mawe ya Minjingu ulikuwa wa busara, kwa kuwa fosfeti ya aina hiyo huyeyuka polepole katika udongo wenye asidi, yaani ubaya wa udongo hutumiwa kuifungua mbolea.

Chanzo cha mawe hayo kinaunganisha nusu mbili za somo hili kwa namna ambayo mtunzi wa mtaala asingeweza kuibuni. Minjingu ni kilima karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, na zamani za kale, ziwa lilipokuwa kubwa zaidi, kilima hicho kilizungukwa na maji. Mnandi, ndege weusi wanaopiga mbizi kuvua samaki, walikaa hapo kwa makundi makubwa, na kinyesi chao pamoja na mifupa yao vikarundikana hadi vikawa tabaka la fosfeti linalochimbwa leo. Fosforasi ya samaki ilipitia kwa ndege wa ufukoni, ikalala ardhini kwa muda mrefu sana, kisha ikapandishwa lori hadi kwenye maharage ya magharibi mwa Kenya.

Shuleni, karatasi ya tatu ya biolojia katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ni ya vitendo, lakini mwanafunzi anaweza kuifikia akiwa amezoea picha za viumbe kuliko viumbe wenyewe, na mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, hautarekebisha hilo ikiwa shule zitanunua vitabu vipya na kuacha kijito kilicho nyuma ya uzio. Walimu wa nyanda za juu wanaombwa waanze na ukingo ulio karibu, mara moja wakati wa kiangazi cha Januari na mara nyingine mvua zinapokolea Julai, wapande maharage yao katika mojawapo ya mihula hiyo, na wayahifadhi madaftari ya kila mwaka katika maabara ili darasa linalofuata liwe na kitu cha kulinganisha. Fedha za basi la Mombasa zitafutwe baada ya hapo, na tarehe ya safari ichaguliwe kwa kutazama mwezi.